Jumamosi ya Kwanza kwa Muzee Grégoire

Watu wa kambi walikuwa bado wanamwita Donatille Mama Igihozo, ingawa Igihozo alikuwa amekufa tangu mwezi wa nane. Kwa Kinyarwanda jina hilo ni la kitu kinachombembeleza mtu mpaka aache kulia. Donatille alimpa mtoto jina hilo kwa sababu alizaliwa baada ya mimba mbili kuharibika. Sasa kila aliyepita mbele ya kibanda akisema, "Mama Igihozo, umeamuka?" alikuwa kama anamchoma msumari, na yeye aliitikia. Angewaambia wamwite nani?

Alikuwa mwanamke mrefu, wa miaka thelathini na minane, mtu wa kucheka kwa sauti siku za nyuma. Mwaka wa 2021 yeye na mume wake, Ntirenganya, walikuwa na nyumba ya mbao kule Buhene, upande wa kaskazini wa Goma. Mwezi wa tano volkano ikapasuka jioni moja bila onyo. Walikimbia na mtoto mgongoni na godoro kichwani, na waliporudi hawakupata hata mahali pa kusema hapa palikuwa mlango. Palikuwa na jiwe jeusi tu, linatoa moshi. Ntirenganya akasema, "Twende kwetu Rutshuru. Mashamba hayaungui." Wakaenda.

Mashamba hayakuungua, lakini vita vilifika. Mwishoni mwa mwaka uliofuata waasi waliingia Rutshuru, na watu wakajaa barabarani na mbuzi zao na masufuria yao. Mama yake Ntirenganya alikuwa amepooza miguu. "Chukua mutoto, mutangulie," Ntirenganya alimwambia mke wake. "Mimi siwezi kumuacha mama. Nitawafuata." Hakuwafuata. Waasi walisogea mpaka Kibumba, karibu na Goma, barabara ikafungwa, mume akabaki upande mmoja wa vita na mke upande mwingine.

Donatille na mtoto walipewa nafasi katika kambi ya wakimbizi karibu na Mugunga, nje ya Goma, juu ya mawe ya volkano ya zamani, kibanda cha maturubai chenye upana wa kitanda. Nyuma ya kibanda palikuwa na bonde dogo, shimo ambamo mawe yalibomoka zamani, na ndani yake majani yalimea mazuri kuliko mahali popote pale. Ukingoni serikali ilisimamisha kibao chenye mchoro wa kichwa cha mfu. Wenyeji walieleza kwamba mule mna mazuku, upepo mbaya unaotoka ardhini, usio na rangi wala harufu, unaoua mbwa na mbuzi asubuhi na kupotea jua likipanda. Donatille alijua. Lakini alikuwa ameshuka mule mara nyingi, saa sita, hata saa tatu, akachuma lengalenga na kurudi salama. Mtu akirudi salama mara kumi anaacha kusoma kibao.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane, mwaka wa 2024, chakula cha msaada kilikuwa hakijafika kwa wiki mbili. Wanawake wengine walikuwa wameanza kujua habari ya ile mboga. Donatille akasema, "Igihozo, shuka uchume lengalenga mbio, kabla wengine hawajazimaliza." Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Mtoto alikuwa na miaka minane, mfupi kwa umri wake. Alichukua beseni akaenda akiimba.

Mwanaume aliyemtoa bondeni alijifunga kitambaa usoni, akashuka na kupanda bila kuvuta hewa. Mtoto hakuwa na jeraha hata moja. Beseni lilikuwa limejaa nusu.

Muuguzi wa kambi alimweleza baadaye, kwa nia njema. "Hewa ile ni nzito, mama. Inalala chini kama maji. Mutu mukubwa, kichwa chake kinabaki juu. Mutoto anazama." Tangu siku hiyo Donatille hakusikia tena sawasawa maneno mengine. Katekista alikuja na kusema Mungu ndiye anayejua. Alimshukuru, na dimanche, Jumapili iliyofuata, hakwenda misa, wala ile nyingine.

Jambo moja hakulifanya. Hakumwambia mume wake.

Kila dimanche Ntirenganya alipanda mlimani kutafuta réseau, mtandao wa simu, akapiga. "Nipe mutoto nimusalimie." Mara ya kwanza Donatille alisema ameenda kuchota maji. Mara ya pili alisema amelala. Mara ya tatu alisema yuko shuleni, na Ntirenganya akacheka. "Masomo siku ya dimanche?" "Ni katekisimu," akajibu, naye mume akafurahi kwamba mtoto anajifunza dini. Miezi mitatu ikapita hivyo. Alimkuza mtoto kwenye simu: aling'oka jino, alipata viatu vya msaada, alikuwa wa tatu darasani.

Mwezi wa kumi na moja, asubuhi, jirani yake Victoire alikwenda nyuma ya vibanda akamwona Donatille ameshuka katika lile bonde. Hakuwa anachuma kitu. Alikuwa amechuchumaa na kichwa ameinamisha kwenye magoti. Victoire aliita, hakuitikiwa. Akashuka, akamshika nguo shingoni, akamvuta mpaka juu kama anavuta mfuko wa makaa, na huko juu wote wawili wakalala kwenye mawe wakikohoa.

"Unataka nikuzike na wewe?" Victoire alilia kwa hasira. "Mikono yangu imechoka kuchimba! Samedi utakuja na mimi Himbi."

Victoire alifua nguo katika nyumba za Himbi, mtaa wa watu wenye nafasi karibu na ziwa. Nyumba moja ilikuwa ya mzee wa kabila la Wanande kutoka Butembo, jina lake Grégoire, ambaye kila Jumamosi asubuhi alifungua chumba chake cha mbele kwa watu waliotaka kukaa kimya. Watoto wa mtaa walipaita kwa Bouddha. Wakubwa wengine walisema ni sekte, dini ya uongo.

Njiani Donatille aliuliza, "Ni kanisa?"

"Hapana."

"Ni hospitali?"

"Hapana. Wanakaa tu."

"Wanakaa wanafanya nini?"

"Wanakaa, Mama Igihozo. Chini. Wananyamaza."

"Hata kambini nakaa."

Wakaendelea kutembea.

Ukuta wa nyumba ulijengwa kwa mawe ya volkano, kama kuta zote za mjini. Ndani ya geti palikuwa na ua wenye changarawe nyeusi na jozi tano za viatu zimepangwa mlangoni. Donatille aliviangalia viatu vile: buti za mtu wa moto, dereva wa pikipiki, kandambili, viatu vya kike vilivyopigwa rangi vizuri. Alikaribia kurudi. Miguu yake ilikuwa na vumbi jeupe na kisigino kimoja kimepasuka. Mzee mmoja mwembamba, mwenye sweta, akatoka na beseni la maji akaliweka mbele yake bila kusema lolote, kisha akageuka kando ili asimtazame akiosha miguu.

Huyo alikuwa Grégoire.

Chumba kilikuwa na mikeka, na mito ya kukalia iliyoshonwa kwa vitenge. Hapakuwa na msalaba. Kwenye meza fupi kulikuwa na sanamu ya mbao, mtu aliyekaa amekunja miguu, macho nusu yamefungwa. Donatille alisimama mlangoni.

"Ile ni nini?"

"Ni mutu wa zamani," Grégoire alijibu. "Alikaa chini akachunguza mateso ya watu, yanatoka wapi. Siiombi, mama. Lakini kama inakusumbua, ngoja." Akaichukua kwa mikono miwili, akaifungia kabatini, akarudi kukaa. Watu wengine wanne walikuwa wameshakaa na hakuna aliyelalamika.

Grégoire alipiga bakuli la shaba kwa kijiti. Sauti ikaenda mbali, ikaisha. Alisema polepole, kwa Kiswahili cha Butembo, "Funga macho kama unapenda. Usitafute kitu. Angalia tu pumzi yako inavyoingia puani. Inaingia, inatoka. Haitaki ruhusa yako. Mawazo yakikuchukua, rudi kwa pumzi."

Donatille akafunga macho. Pumzi ikaingia. Na palepale akamwona Igihozo ameinama na beseni, anavuta hewa kama anavyovuta yeye sasa, hewa baridi ya asubuhi isiyo na harufu, na mtoto hajui. Pumzi ikatoka. Alijaribu kufikiri mambo mengine, lakini sauti ya mzee ilisema tena, "Rudi kwa pumzi." Akarudi, na mtoto alikuwa pale, anavuta mara ya pili. Mara ya tatu Donatille alikataa kuvuta. Alisikia damu ikigonga masikioni, akapapasa ukuta, akasimama, akamkanyaga mtu mguu, akatoka mpaka uani na kutapika kwenye changarawe, na hapakuwa na kitu tumboni isipokuwa chai.

Victoire alikuja mbio. Grégoire alikuja nyuma yake na kikombe cha maji. Alimwomba Victoire akae na wale wengine kidogo, kisha yeye mwenyewe akakaa chini kwenye changarawe, mbali kidogo na Donatille.

"Hii ndiyo dawa yenu?" Donatille aliuliza alipopata sauti. "Kuniambia niangalie pumzi? Mimi?"

"Sijui yaliyokupata, mama. Victoire aliniambia tu kwamba umefiwa."

"Na wewe ulipoteza nini hata ukae hapa ufundishe watu?"

Mzee alimsogezea kile kikombe cha maji. "Duka," alisema. "Nilikuwa mufanyabiashara. Nilikuwa naenda Bangkok kununua pagne za vitenge na viatu. Mwaka wa 2002 nilikuwa kule wakati volkano ilishuka mpaka katikati ya mji ikala duka langu na dépôt yangu ya mali. Sikuwa na hata pesa ya kurudia nyumbani. Watawa wa kule walinipokea, nikafagia kwao miaka minne. Njo kule nilijifunza kukaa."

"Duka."

"Ndiyo."

"Viatu na pagne."

"Ndiyo, mama. Mali tu. Sikuzika mutu."

Donatille alimtazama. Alikuwa amejiandaa kumchukia, lakini mzee hakujitetea. Basi akaanza kusema. Alisema yote, tangu chakula cha msaada kilichochelewa mpaka beseni lililojaa nusu. Katika miezi mitatu hakuwahi kuyatamka kwa mfuatano, na sauti yake mwenyewe ilimshtua kwa jinsi ilivyokuwa ya kawaida, kama anaeleza njia ya kwenda sokoni. Mwisho akasema, "Mimi njo nilimutuma."

Akangoja. Alijua maneno yanayokuja hapo. Wote waliyasema: si kosa lako, ni mapenzi ya Mungu, hukujua.

"Ulimutuma achume mboga," Grégoire alisema. "Ili mupate kula."

Donatille alianza kulia, kwa kelele, kama mtu anayepigwa, mpaka mtu wa moto akatoa kichwa mlangoni na kukirudisha. Mzee hakumgusa wala hakumnyamazisha.

Baadaye aliuliza, "Na baba ya mutoto?"

"Iko Rutshuru. Hajue. Anapiga simu kila dimanche, namudanganya."

Grégoire alisugua magoti yake. "Nimuambie?" Donatille aliuliza. "Wewe unayechunguza mateso. Nimuambie?"

"Sijui, mama." Kisha akaongeza, "Kama ingekuwa mimi, ningetaka kujua."

Hakumrudisha chumbani. Alisema kwamba kwa yule ambaye pumzi inamuumiza, watawa wa Bangkok walikuwa na njia nyingine, ya kutembea tu na kusikia unyayo. Walitembea uani bila viatu, yeye mbele, Donatille nyuma, kutoka geti mpaka tangi la maji na kurudi. Changarawe ilichoma. Kisigino kilichopasuka kilimuuma, akasikia kinauma, na kwa hatua sita au saba hakukuwa na kitu kingine ulimwenguni. Hatua ya nane mtoto alirudi. Lakini zile saba zilikuwa zimekuwepo, na Donatille hakujua afanye nini nazo. Karibu azionee haya, kwa kuwa ndani yake alikuwa amemsahau.

Njiani kurudi Victoire aliuliza, "Basi?"

"Sijue," Donatille alijibu.

Kesho yake ilikuwa dimanche. Simu ililia saa nne. "Nipe mutoto nimusalimie," Ntirenganya alisema, na Donatille akamwambia. Hakuzunguka. Upande wa pili palikuwa na upepo wa mlimani tu.

"Lini?"

"Mwezi wa nane."

"Mwezi wa nane," alirudia. "Na lile jino?"

"Hakuna jino."

"Mumemuzika wapi?"

Alimweleza: njia ya Bulengo, baada ya tangi la maji la kambi, makaburi manne yaliyo pamoja, lake lina msalaba wa ubao wa sanduku. Simu ikakatika. Dimanche iliyofuata haikulia. Alijaribu kupiga yeye, na sauti ya mwanamke wa mashine ikamwambia kwa Kifaransa kwamba namba haipatikani. Ilikuwa hivyo mpaka Noeli.

Alirudi kwa Grégoire mara mbili zaidi, akatembea uani. Mara ya pili alisema, "Nilimuambia. Tangu siku ile hapigi. Amenitupa." Mzee aliinamisha kichwa. "Labda nilikushauri vibaya," alisema, na Donatille aliona kwamba hakusema hivyo kwa adabu tu; uso wake ulikuwa umekauka kwa hofu.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza vita viliingia mjini. Mabomu yalianguka karibu na kambi, na Donatille na Victoire walikimbia na watu wengine mpaka darasa la shule moja mjini, wakalala siku nne chini ya madawati. Umeme ulikatika, maji yakakatika. Walipotoka, kulikuwa na maiti barabarani zimefunikwa kwa maturubai, na watu walizipita wakiwa na madumu mkononi, wakienda kuchota ziwani.

Walipitia Himbi. Geti la Grégoire lilikuwa limelala chini. Wanyang'anyi walikuwa wamechukua mikeka, bakuli la shaba, hata mlango wa kabati, na mito walikuwa wameipasua. Mzee alikuwa amekaa kwenye saruji tupu, ndani ya sweta lake.

"Nilishindwa, mama," alimwambia Donatille. "Miaka ishirini nakaa. Bomu la kwanza niliingia chini ya kitanda, nikaita mama yangu. Nilijikojolea."

Donatille alikaa chini pembeni yake, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili, na Victoire akakaa upande wa pili. Walikaa hivyo mpaka adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka msikiti wa mbali. Hakuna aliyefunga macho.

Mwezi wa pili waasi, watawala wapya wa mji, walitangaza kwamba kambi zibomolewe na kila mtu arudi kwao. Walipewa siku chache. Donatille alikunja turubai lake. Alikwenda kwenye makaburi manne, akang'oa magugu. Hapakuwa na alama kwamba mtu mwingine alikuwa amefika hapo. Aliagana na Victoire, ambaye alikuwa anarudi kwao Masisi, akapanda lori lililojaa wanawake na magunia. Barabara ilikuwa wazi sasa. Kutoka Goma mpaka Rutshuru hapakuwa na upande mmoja na mwingine.

Katika safari yote alitunga maneno ya kumwambia mume wake. Alikuwa tayari kupigwa. Alikuwa tayari kufukuzwa.

Nyumba ilikuwa imesimama. Mama mkwe wake, Mukamugema, alikuwa amelala mkekani karibu na jiko, amekonda, na binti wa jirani alikuwa anamlisha uji. Mzee yule aliinua kichwa akatazama nyuma ya Donatille, mlangoni.

"Mwanangu iko wapi?"

"Nani, mama?"

"Ntirenganya. Si mumekuja pamoja?"

Binti wa jirani ndiye aliyeeleza. Dimanche ile ya mwezi wa kumi na moja Ntirenganya alishuka mlimani, hakula. Asubuhi yake alifunga buti, akawaomba majirani wamtazamie mama yake, akasema anakwenda kuona kaburi la mtoto wake. Walimwambia njia imefungwa, askari wa kila upande wanafyatua. Akasema atapita porini, kandokando ya hifadhi ya wanyama. Alikwenda kwa miguu. Simu yake ilizimika siku ya pili.

Donatille alikaa kwenye kizingiti. Alihesabu. Dimanche zote zile alizoamini ametupwa, mume wake alikuwa njiani anakuja kwake, au alikuwa ameshaanguka mahali ambapo hakuna mtu wa kumfunika.

"Ni mimi nilimuambia," alisema.

"Najua," Mukamugema alijibu. "Ungenyamaza, mwanangu angekuwa hapa." Akageukia ukuta.

Donatille hakujitetea. Alichukua chombo, akachota maji, akayapasha moto, akamwogesha yule mzee mgongo ambao binti wa jirani hakuwa ameuosha vizuri, na vidonda vyake akavipaka mafuta. Siku zilizofuata alisimama barabarani akiwauliza madereva, wachoma makaa, wanawake wanaotoka porini na kuni. Alieleza buti, alieleza urefu, alieleza kovu la kidevuni. Mmoja alisema alimwona mtu kama huyo Kibumba, lakini mwezi aliotaja haukuwa wenyewe.

Mwezi wa tatu mvua ilianza. Donatille alilima upande wa juu wa shamba peke yake, akapanda maharagwe. Mama mkwe wake hakumsamehe, wala hakumfukuza. Jioni walikula kwenye sahani moja, kwa sababu zile nyingine zilikuwa zimeibwa.